Gari la Simu ya Upepo

Mimi nna kigugumizi. Nakwambia mapema kwa sababu hapa kwenye karatasi hutakisikia, na ukiniona ninavyotiririka utadhani mimi ni mtu wa kuhutubia. Sivyo. Ukinikuta Mlandege, dukani kwangu ninakotengeneza redio na televisheni, ukaniuliza habari za waya tu, itabidi uvute kiti.

Ila hakuna anayevuta kiti. Watu wa kwetu wana huruma sana, na huruma yao ni kunitoa neno mdomoni wakalisema wao. Nilikwenda duka la jirani kutaka betri. Nikaanza, "Be-be-be," muuzaji akaniwahi, "Beseni! Mekundu yapo, ya kijani yapo." Nikarudi nyumbani na beseni jekundu. Mke wangu akasema mashaallah, leo umenikumbuka. Nifanyeje? Kulikataa lile beseni kungenichukua mpaka magharibi.

Na huyo mke wangu ndiye bingwa wao. Nikifungua mdomo tu, yeye keshafika mwisho wa sentensi ananingoja huko. Nikisema "n-n-n" anapakua chakula, na pengine nilikuwa nataka kumwambia nnakwenda dukani. Nimekula sana bila njaa katika ndoa hii.

Basi binti yetu alipoposwa, na posa ikakubaliwa, alinijia asubuhi nikiwa nnavaa viatu. Binti huyu anasomesha skuli, amezoea kusema jambo mara moja likasikilizwa. Akanambia, "Baba, siku ya nikaha utaniozesha mwenyewe."

Nikabaki na kiatu mkononi. Kwetu baba ndiye walii. Siku ya nikaha anakaa uso kwa uso na bwana harusi, anamshika mkono, na kwa ulimi wake anasema nimekuozesha binti yangu fulani kwa mahari tuliyokubaliana. Baba mwenye haya, au asiyejiamini, anampa shekhe uwakala, shekhe anasema kwa niaba yake, yeye anakaa kimya na kanzu yake nzuri akingojea halua. Tangu binti huyu yuko mchanga mimi nilishajichagulia ile halua.

Nikataka kumwambia mwanangu, hilo haliwezekani. "Mwa-mwa-mwa..."

"Mwachie shekhe!" mama yake akapiga kelele kutoka jikoni. "Ndo anachokwambia babako, mwachie shekhe!"

Na siku hiyo, kwa bahati, alilenga pale pale.

"Mama, nimemuuliza baba," binti akajibu. Kisha akanigeukia mimi. "Sitaki kuozwa kwa mdomo wa kuazima, na wa babangu upo." Akachukua mkoba wake akashuka ngazi kwenda skuli.

Niliogopa, wallahi. Nilikuwa nauona msikiti umejaa, safu kwa safu, wanaume wote wa mtaani na huruma zao, kila mmoja na neno lake la kunisaidia tayari chini ya ulimi. Nikaona binti yangu anabaki na aibu ambayo watu wataisimulia mpaka wajukuu zake waikute. Mtu mwenye akili zake hapo angekwenda kwa shekhe akaomba ushauri. Mimi nikaenda nikapata gari la jeshi.

Sikulitafuta. Nilikwenda Mangapwani kwa mzee mmoja mwenye shamba, televisheni yake imekufa, akataka nikamfufulie hapo hapo kwa sababu kuipeleka mjini ni kazi. Nilipofika nikasema, "Shi-shi..." na yeye akasema, "Marahaba, pita ndani." Nikatengeneza. Wakati wa kutoka nikaliona nyuma ya banda la kukaushia mbata: lori la zamani la jeshi, pua fupi, na mgongoni limebeba chumba cha bati chenye mlango na vidirisha. Magurudumu yamezama kwenye mchanga. Ndani ya chumba kuku wanatagia. Nikachungulia, na nyuma ya kuku, chini ya manyoya na mavi yao, nikaona safu ya mitambo ya simu ya upepo, ile redio ya kuitana kwa mbali, vitufe vyake vyote vipo, na mkono wa kuongelea unaning'inia kwenye waya wake kama ulivyoachwa.

Mitambo kama ile nilifundishwa kuitengeneza nikiwa kijana, na nilidhani imekwisha duniani. Nilichotaka kumwambia yule mzee ni hiki: gari hili lina simu ndani, naomba niifungue niitazame kidogo. Maneno mepesi. Nikaanza, "Ga-ga-gari..."

"Gari unalitaka?" mzee akadakia. "Lichukue! Niliuziwa chuma chakavu kwenye mnada, halijanifaa kitu. Ila kuku wangu uwajengee banda, na hao wanaoatamia usiwabughudhi mpaka watotoe."

Hivyo ndivyo nilivyomiliki gari la jeshi. Nilikuwa na nafasi ya kukataa, ndiyo, lakini unajua ningemaliza saa ngapi.

Mke wangu aliposikia alishika kiuno. Sisi tunakaa Mji Mkongwe, kwenye uchochoro ambao hata vespa mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma. "Gari la jeshi," akasema. "Utaliegesha wapi, kitandani?" Nikamwambia litabaki shamba, Mangapwani. Yaani nilisema "Ma-ma," naye akamalizia, "Mangapwani, najua, wewe kazi ndogo huzitaki." Hapo pia alilenga. Ukifyatua ovyo mchana kutwa, moja mbili zitapata.

Kazi ya injini nilimpa makenika mmoja jirani yangu wa Mlandege, Mkristo, wazee wake walitoka Tabora, yeye kazaliwa Ng'ambo na anakisema Kiunguja kutushinda sisi. Ni mtani wangu. Alilizunguka lile lori, akapiga teke gurudumu, akasema, "Bwana we, hili halitaki fundi, linataka khitma." Kisha akavua shati akaingia chini, na huko akakaa karibu miezi yote iliyobaki kabla ya nikaha. Alitoa karibureta ikiwa imejaa mchanga na ganda la yai. Alifungua tangi la mafuta akakuta nyigu. Breki alizitengeneza upya kwa vyuma vya malori mengine yaliyokufa, na gasketi akazikata kwa mkono. Tabu yake moja, akiwa kule chini hanioni mdomo. Mimi nikianza kusema nikakwama, yeye anadhani nimemaliza, anaanza zake. Tulikuwa na mazungumzo ya ajabu sana, kila mmoja na mada yake.

Mimi nilikuwa ndani ya chumba na mitambo. Nilikwangua mavi ya kuku kwa kijiti. Nilipiga msasa kutu, nikabadilisha waya zilizotafunwa na panya, nikaziosha taa za mitambo moja moja, zile za kioo zinazowaka wekundu ndani, nikijua ikivunjika hata moja sina pa kuipata. Juu nikasimamisha mlingoti wa antena. Pale palipokosa kifaa cha zamani nilitia cha kisasa na kukificha nyuma, na sioni haya kwa hilo. Kila jioni nilirudi mjini nanuka banda la kuku, na mke wangu ananipokea mlangoni kwa udi, si kwa mapenzi, kwa kujihami.

Rangi ilituletea maneno. Mimi nilitaka ile ile ya kijani ya jeshi. Makenika akasema, "Thubutu. Rangi ile si ya raia, watakuja kukuuliza vita vyako viko wapi." Mke wangu akasema rangi ipo, imebaki ya madirisha. Samawati. Basi gari la jeshi, lililojengwa kutisha watu, likatoka shambani limepakwa rangi ya chumba cha mtoto mchanga. Mzee wa Mangapwani alipoliona aliinua mikono akaliombea dua.

Kibali cha kutumia mawimbi kilichukua muda wake, lakini kikatoka, cha majaribio. Nikapandisha mtambo mdogo nyumbani kwetu, juu ya paa tunakoanika nguo, nikamfundisha mke wangu. Simu ya upepo ina adabu moja tu, na hiyo haina mkubwa wala mdogo: njia ni moja. Aliyebonyeza kitufe anasema, mwenzake anasikia. Ukibonyeza na mimi nimebonyeza, unajisemea peke yako. Ukimaliza unasema "ova," unaachia kitufe, zamu inakuwa ya mwenzako. Akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kabla sijafika nusu, na makenika, ambaye alikuja kufunga antena, akamalizia kumfundisha.

Siku ya majaribio nikakaa ndani ya gari Mangapwani, mitambo imepata moto, nikaita. Akapokea yeye.

"Hujambo? Hujambo bwana we? Hali yako? Umefika salama? Umekula? Mbona hunijibu? Huko kuna jua? Hapa kuna jua. Nnakwambia hujambo!"

Maskini mke wangu. Alikuwa amekishika kitufe hakiachii. Sisi watu wa Unguja salamu ni kazi ya midomo miwili kwa pamoja, huyu anauliza, yule anajibu huku anauliza, zinapishana hewani na hakuna kinachopotea. Yeye akawa anangoja majibu yangu yampitie katikati, kama siku zote. Makenika aliyekuwa ananisikilizia mlangoni alicheka mpaka akakaa chini. Mwisho kidole cha mke wangu kikachoka, nikasikia kitufe kimeachia, na mvumo wa hewa tupu.

Nikabonyeza. "Mi-mi-mimi," nikaanza. Nikakwama, na kwa mazoea nikangoja mtu anitoe. Hakuna aliyekuja. Ulimi ukazunguka, ukarudi, ukapiga tena. Bado hakuna. Nilichanganyikiwa, nnakwambia kweli, mtu aliyezoea kuvutwa ukimwacha anasahau kutembea. Kisha neno likatoka. Na la pili. Sikusema vizuri. Nilikwama kila mahali ninapokwama siku zote, na nikafika kila mahali nilipotaka kufika. "Mimi mzima. Nimekula muhogo kwa mzee. Nataka betri, uniletee betri, si beseni. Ova."

Alipopata zamu alikuja juu. "Wewe ulipokuwa unasema nami nikikusaidia, hunisikii! Nimepiga kelele mpaka jirani kachungulia!"

Jirani ndiye aliyemsikia.

Tangu hapo nikawa sishikiki. Kila nikienda Mangapwani lazima niite nyumbani, na nikishika ule mkono wa kuongelea siachii. Binti akatushangaa, akasema si kuna simu ya mkononi, mnahangaika nini na kabati lenye magurudumu. Lakini kwenye simu ya mkononi mnaweza kusemeana juu kwa juu, na mimi ndiye huwa chini. Nilikuwa na maneno ya miaka nyuma ya meno, na njia ilikuwa yangu. Nikamwambia mke wangu juu ya bomba linalovuja ambalo mwenye kulijua ni mimi tu. Nikamsimulia mzaha mzima, mpaka mwisho wake. Halafu siku moja nikamwambia ya bokoboko.

Kila Ijumaa ya Mungu mke wangu hunipikia bokoboko. Anaamka alfajiri kuisonga ile ngano na nyama mpaka mikono inamuuma. Asili yake, tulipooana tu, alinipa sahani nikasema, "Bo-bo-bokoboko," na nilikuwa naelekea kusema siiwezi, inanikaa kifuani. Akanikata, "Bokoboko unaipenda! Nilijua!" Akafurahi. Kufika pale mimi ningesema nini? Nikala. Nimekula tangu siku hiyo.

Basi nikayasema hayo hewani, taratibu, na kigugumizi changu chote, nikamaliza, ova.

Mvumo tu. Nikadhani antena imeanguka. Kisha sauti yake ikaja ndogo. "Miaka yote hii?" Hata ova hakusema.

Niliporudi hakunisemesha. Akaniwekea chai na mkate, akaenda zake juu. Nilijuta, nikasema nafsini mwangu, na hili nalo ulilihitajia? Ijumaa ikaja, sufuria ikaja mezani, nikafunua. Pilau. Tukala. Alipokuwa anatoa vyombo akaniuliza, bila kunitazama, "Kesho unakwenda tena shamba?" Nikatikisa kichwa, ndiyo. "Basi ntakuwa juu baada ya adhuhuri," akasema. "Ukiwa na jengine, useme."

Ila usidhani aliacha. Uso kwa uso hakuweza. Mezani nikisema "chu" ashanipa chumvi. Nililielewa baadaye: akiniona ninavyohangaika, shingo imenitoka mishipa, roho inamuuma, anarukia kuniokoa kama mtu anavyomrukia anayezama. Kule juu ya paa hanioni, na akiniokoa siokoleki. Nilimpenda zaidi kwa kulijua hilo, na chumvi nikaitia, japokuwa nilitaka chungwa.

Wiki ya nikaha ikafika na mimi bado sijamjibu binti. Sijampa shekhe uwakala, sijamnyima. Watu walishanipangia: shekhe atasema, mimi nitatikisa kichwa. Binti akaniuliza mara ya mwisho. Nikasema, "Ni-ni-ni," na mama yake alikuwepo, nikaona midomo yake imefunguka, nikainua kidole kama nabonyeza kitufe. Akafunga. "Ntasema mwenyewe," nikasema. Binti akanikumbatia, na mama yake akatoka chumbani upesi upesi, sijui kwenda wapi.

Binti ndiye aliyetaka gari lije. Kwetu bi harusi na wanawake hubaki nyumbani, nikaha inapita msikitini, wao wanaletewa habari. Akasema, "Kama unasema mwenyewe, nnataka nisikie mwenyewe." Msikiti tuliouchagua uko barabarani, gari linafika. Kibali kilisema majaribio, na mimi sijapata kujaribu kitu kikubwa kuliko hicho. Makenika akaliendesha kutoka Mangapwani, samawati linang'aa, watoto wanalikimbilia, akaliegesha chini ya dirisha la msikiti, akapitisha maikrofoni kwa waya mrefu mpaka mbele yangu, yeye akakaa ndani ya gari na kitufe. Nilimwambia akibonyeza asiachie mpaka nimalize. Akaniambia, "Bwana harusi atazeeka, lakini siachii."

Baada ya laasiri, shekhe akasoma khutba. Nikakaa goti kwa goti na bwana harusi, tukashikana mikono. Mkono ulilowa, sijui jasho langu au lake. Shekhe akaniinamia, akanong'ona, "Bado unaweza kunipa uwakala, hakuna dhambi." Nikatikisa kichwa, la. Akanitajia maneno, ili niyafuate.

"Nime," nikasema. "Nime-nime-nime..."

"Nimekuozesha!" safu ya nyuma yangu ikasema, kwa upole kabisa.

"...kuozesha binti yangu," mzee mmoja wa pembeni akaendelea mbele, nisije nikachelewesha watu.

Na bwana harusi, kijana mwenye adabu, akaona mkwe wake anateseka, akataka kunipunguzia. "Nimekubali," akasema.

"Ebo!" shekhe akamgeukia. "Umekubali nini wewe, ushapewa?" Watu wakacheka. Shekhe akainua mkono kwa waliobaki. "Jamani, neno hili halisaidiwi. Litoke kwa walii. Mkilisema nyie, basi mmemuoza nyie, mimi ntajuaje nani hapa ni babake? Kaeni kimya."

Wakakaa kimya. Mji mzima ulikaa kimya kwa ajili yangu, kitu ambacho sikupata kukiona. Na mimi nikaogopa zaidi kuliko walipokuwa wakisema, kwa sababu sasa likiharibika ni langu. Nikatazama ile maikrofoni. Nikajua binti yangu yuko upande wa pili, na hawezi kunifikia. Nikaanza upya. Nilikwama kwenye "ku." Nilikwama kwenye jina lake, jina nililompa mwenyewe nikimwadhinia sikioni. Nikakwama kwenye "mahari" muda mrefu mpaka nikasikia mtu anavuta pumzi. Hakuna aliyenigusa. Likatoka lote, kipande baada ya kipande, na lote lilikuwa langu. Bwana harusi safari hii alimtazama shekhe kwanza, ndipo akasema amekubali kumuoa.

Nikalia. Mbele ya watu, na kanzu mpya.

Nyumbani nilikuta vigelegele na chetezo kinafuka udi, na mke wangu kajifanya ana shughuli na sinia za halua, ananipita huku na huku hanitazami. Binti ndiye aliyeniita pembeni, hina imemkolea mpaka viwikoni, akanisimulia. Walikuwa wote juu ya paa, mashangazi, majirani, mashoga zake, wameuzunguka mtambo. Nilipokwama pale mwanzo, wote walianza kunitilia maneno kama wale wa msikitini, huyu anasema nimekuozesha, yule anasema binti yangu, kila mtu anaupigia kelele mtambo usiosikia. Mama yake alikuwa ameinama mbele yao, sikio limegusa spika ya mtambo, machozi yanamtiririka. Akawageukia.

"Nyamazeni nyote," akawaambia. "Mume wangu anasema."